Pesa ya mavuno ikisubiri msimu: dhamana za Serikali, amana ya muda maalumu au Mfuko wa Ukwasi?

Kuanzia Juni hadi Septemba pesa hutembea Nyanda za Juu Kusini kuliko miezi mingine yote. Mpunga wa Kyela na Usangu umeuzwa, mahindi yanapakiwa, viazi vya Njombe vinaondoka na malori, kahawa ya Mbozi inakusanywa. Baada ya hapo pesa inakaa. Inakaa kwenye simu, kwenye akaunti ya kawaida isiyolipa cha maana, au ndani ya nyumba, ikisubiri mbolea ya Novemba, ada ya Januari, au kiwanja ambacho mazungumzo yake hayajaisha.

Miezi hiyo mitatu, sita au kumi na miwili ina thamani, na kuna sehemu tatu halali ambako mtu wa Mbeya, Iringa au Songwe anaweza kuiweka pesa ikamletea kitu bila kuifunga kwa miaka: dhamana za Serikali za muda mfupi zinazouzwa na Benki Kuu, amana ya muda maalumu benki, na Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Watu wengi huulizana ni ipi inalipa zaidi. Mimi naona hilo ni swali la tatu au la nne.

Vigezo vya kupimia

Anza na tarehe. Pesa hii inatakiwa lini, na je, tarehe yenyewe inasogea? Ada ya shule haisogei. Mbolea inasogea kidogo kufuata mvua. Gari la mzigo likiharibika Igawa halikupigii hodi.

Kisha tazama kiasi. Milioni moja na milioni hamsini hazina njia moja, kwa sababu kuna milango inayofunguka kwa fungu kubwa tu, na kuna kinga inayolinda fungu dogo tu.

Halafu angalia kinachobaki mkononi baada ya kodi na gharama, kwa shilingi na siyo kwa asilimia iliyoandikwa kwenye bango. Baada ya hapo jiulize ni nani hasa anayekuwa na deni lako: Serikali, benki, au mfuko wenye mali za aina mbalimbali ndani yake. Mwisho pima usumbufu, maana mtu wa Makete au Ileje anayelazimika kupanda basi mara mbili kwa ajili ya sahihi moja amekwisha kula sehemu ya faida yake.

Dhamana za Serikali za muda mfupi

Namna ya kuingia. Serikali inakopa kwa siku 35, 91, 182 au 364, na Benki Kuu ya Tanzania inaendesha mnada kwa niaba yake. Minada hii ipo tangu 1993. Kwa kawaida hufanyika Jumatano, kila baada ya wiki mbili, na waliofanikiwa hulipia kesho yake, Alhamisi. Kima cha chini ni shilingi 500,000, na ukitaka zaidi unaongeza kwa mafungu ya 10,000.

Benki Kuu ina tawi Mbeya mjini, lakini usiende pale na bahasha ya pesa ukitegemea kuuziwa. Mlango wa mwananchi ni wakala: benki ya biashara, au dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Yeye ndiye anayekufungulia akaunti ya CDS, ambayo ni daftari la kielektroniki linaloonyesha dhamana zako kwa jina lako, na ndiye anayepeleka maombi yako mnadani. Madalali wengi ofisi zao ziko Dar es Salaam, kwa hiyo kwa wengi wetu huku benki ndiyo njia ya karibu. Ukifika tawini, usishangae ofisa wa kwanza akikuelekeza kwenye akaunti ya akiba. Omba kwa upole kuunganishwa na idara inayoshughulika na dhamana za Serikali, ambayo mara nyingi iko makao makuu. Fungua akaunti hiyo Mei, kabla pesa haijaingia. Ukiianza Agosti pesa ikiwa tayari mkononi, minada itakupita.

Kinachopatikana. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, basi tuhesabu pamoja. Dhamana hailipi riba mwishoni juu ya ulichoweka. Unainunua kwa bei pungufu, ikiiva unalipwa thamani kamili. Tuseme, kwa mfano tu, dhamana ya siku 364 imeuzwa kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, nawe unataka ulipwe shilingi 10,000,000 ikiiva. Leo utatoa kama 9,261,100. Tofauti ni kama 738,900. Kodi ya zuio ya asilimia 10 hukatwa kwenye faida hiyo tu, siyo kwenye mtaji, nayo ni kama 73,900. Kinachobaki ni takriban 665,000, sawa na asilimia 7.2 hivi ya pesa uliyotoa.

Sasa chukua siku 91 kwa riba ya asilimia 6, tena kwa mfano. Kwa kulipwa 10,000,000 unatoa kama 9,852,600. Faida ni 147,400, na baada ya kodi inabaki kama 132,600. Mtu anayesikia "asilimia sita" akadhani atapata laki sita kwa miezi mitatu atavunjika moyo bila sababu. Asilimia zote zinazotangazwa ni za mwaka mzima, na muda wako ukiwa robo mwaka, nawe unapata robo.

Kitu kingine: mnada ni mnada. Unataja bei, na ukitaja iliyo chini mno kuliko walivyotaja wengine, unaweza kukosa kabisa au kupata sehemu tu. Mabenki na mifuko ya pensheni huleta mabilioni, na zipo nyakati ambapo maombi huzidi mara kadhaa kiasi ambacho Serikali inataka kukopa. Pesa yako haipotei, ila wiki mbili zimekwenda bure. Matokeo ya kila mnada hutangazwa na Benki Kuu, basi soma ya minada miwili mitatu iliyopita kabla hujataja bei yako.

Namna ya kutoka. Subiri iive. Hati fungani, yaani karatasi ambazo Serikali hukopea kwa miaka mingi, huuzwa na kununuliwa Soko la Hisa, lakini kwa dhamana hizi fupi mwananchi wa kawaida asijipe matumaini ya kupata mnunuzi katikati ya safari. Kinachowezekana ni kuiweka rehani benki na kukopa juu yake, jambo ambalo mfanyabiashara wa Tunduma mwenye mzigo mpakani analielewa haraka kuliko mkulima.

Nani ana deni lako. Serikali ya Jamhuri ya Muungano, kwa shilingi yake yenyewe. Katika hizi tatu, hakuna mdaiwa aliye imara zaidi. Kinachoweza kukula ni mfumuko wa bei, ambao mwaka 2024 na 2025 ulikuwa kwenye asilimia 3 na kitu; ndiyo kusema, kwa mifano yetu ya juu, faida ya kweli bado ilikuwepo.

Inamfaa nani. Mwenye tarehe isiyosogea, mwenye kuanzia milioni kadhaa ili usumbufu wa karatasi ulipe, na asiyetaka usingizi wake utegemee hali ya benki yoyote.

Amana ya muda maalumu

Namna ya kuingia. Hii ni rahisi. Una akaunti, unajaza fomu, unachagua miezi mitatu, sita au kumi na miwili, umemaliza. Kila benki ina kima chake cha chini. Mwanjelwa, Mafinga, Makambako au Njombe mjini, zote zina matawi ya kutosha kukuwezesha kuuliza milango minne siku moja.

Uliza milango minne kweli. Riba iliyobandikwa ukutani ni mwanzo wa mazungumzo. Mwenye milioni ishirini na zaidi anaweza kukaa na meneja wa tawi akapandishiwa, hasa wakati ambapo benki ina njaa ya amana. Watu wetu hupigania shilingi hamsini kwenye debe la viazi, kisha wanakubali riba ya kwanza waliyotajiwa na benki. Naomba tuache hilo.

Kinachopatikana. Riba yake nayo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, kwa hiyo unaweza kuilinganisha na dhamana ya Serikali moja kwa moja: asilimia 6 kwa siku 91 ni zile zile 147,400 kabla ya kodi, ukiweka 9,852,600. Benki ikikupa zaidi ya mnada wa mwisho, unalipwa kwa kukubali hatari ya ziada. Ikikupa pungufu sana, unalipia urahisi.

Namna ya kutoka. Unaweza kuvunja mkataba kabla ya muda, na benki itakukata riba yote au sehemu yake kulingana na ulichosaini. Soma mstari huo kabla hujasaini. Benki nyingi pia hukukopesha ukiweka amana yako yenyewe kama rehani.

Nani ana deni lako. Benki. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu mikoa yetu imeonja. Mwaka 2017 Benki Kuu iliifunga Benki ya Wananchi Mbinga. Januari 2018 ikafunga benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha, na Benki ya Wananchi Njombe ilikuwa mojawapo. Wenye amana walikingwa na Bodi ya Bima ya Amana kwa kiwango cha wakati huo, shilingi 1,500,000 kwa kila mmoja. Kilichozidi hapo kilibaki kusubiri mali za benki zikusanywe na kuuzwa.

Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000. Ni nafuu kubwa, na inakupa njia ya kupanga. Mwenye milioni 14 akiziweka benki mbili tofauti, milioni saba kila moja, zote ziko chini ya kinga. Akiziweka benki moja, karibu nusu iko nje. Benki kubwa zenye mtaji mnene hazina hali ya zile zilizofungwa, na sisemi mtu azikimbie benki ndogo zinazokopesha wakulima wetu. Nasema fungu linalozidi milioni saba na nusu lifikiriwe upya kabla ya kuwekwa mahali pamoja kwa ajili ya nusu asilimia ya ziada.

Inamfaa nani. Mwenye fungu lililo ndani ya kinga, anayetaka kuzungumza na mtu anayemjua tawini, na anayeweza kulazimika kuvunja.

Mfuko wa Ukwasi

Namna ya kuingia. UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ilianzisha mfuko huu mwaka 2013. Unaanza na shilingi 100,000 na kuongeza kuanzia 10,000, na unaweza kuongeza kwa simu. Unanunua vipande, bei ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi, na hakuna ada ya kuingia wala ya kutoka.

Kinachopatikana. Mfuko unachukua pesa za maelfu ya watu na kuziweka kwenye amana za mabenki, dhamana za Serikali na hati fungani. Hivyo mwenye laki tatu anaguswa na riba ambazo peke yake asingezifikia. Hupewi ahadi ya asilimia fulani. Unapata kile mali za mfuko zilichozaa, gharama za uendeshaji zikiwa zimeshatolewa. Ukiuza vipande, faida yako haikatwi kodi, na hilo ukilipima na asilimia 10 ya kodi ya zuio upande wa pili, lina uzito.

Namna ya kutoka. Unaomba, pesa inakuja ndani ya siku tatu za kazi. Ukiomba Ijumaa jioni usitegemee kuwa nayo Jumatatu sokoni Kabwe. Lakini kwa pesa ambayo tarehe yake haijulikani, hakuna kati ya hizi tatu inayokaribia hapa.

Nani ana deni lako. Hakuna mdaiwa mmoja. Unamiliki kipande cha mali mchanganyiko. Hakuna Bodi ya Bima ya Amana hapa, na bei ya kipande si mkataba. Mfuko wa aina hii hutembea polepole na kwa utulivu, ila mtu anayetaka kujua leo hii kiasi kamili atakachopokea Januari 10 hatapata jibu hilo.

Inamfaa nani. Anayeweka kidogo kidogo, na asiyejua atahitaji lini. Mama lishe wa Sae anayebakiza elfu ishirini kwa wiki hana biashara na mnada wa Jumatano, na hapaswi kujisikia amebaki nyuma.

Kwa nini riba ya mwaka jana si ya mwaka huu

Mtu aliyepata riba nono miaka iliyopita hurudi akakuta imeshuka, akadhani benki inamdhulumu. Sababu huwa iko juu zaidi.

Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaendesha sera yake kwa kutangaza riba yake yenyewe, Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, ikapandishwa hadi 6 mwezi Aprili 2024, na Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Kamati ya Sera ya Fedha hukutana kila robo mwaka kuiamua. Kisha Benki Kuu huhakikisha kwamba riba ambayo mabenki hukopeshana kwa siku saba haiendi mbali na hiyo: pointi 2 za asilimia juu au chini, basi.

Inafanyaje? Mwenye shamba Mbarali ataelewa mara moja: ni kama mageti ya mfereji. Mabenki yakikaukiwa na pesa, Benki Kuu inayakopesha kwa siku chache, nayo yanaweka dhamana za Serikali rehani. Pesa zikifurika, inazivuta kwa kuyauzia mabenki karatasi na kuahidi kuzinunua tena. Wanaokausha na kufurisha ni wengi. Siku za kulipa kodi, pesa hutoka mabenki kwenda akaunti ya Serikali iliyoko Benki Kuu. Serikali ikilipa wakandarasi, hurudi. Msimu wa kununua mazao, noti hutoka matawini kwenda Mbozi, Songea na Sumbawanga.

Usichanganye mambo mawili yanayofanana kwa mbali. Mnada wa dhamana unaofanya Serikali ikope kwa ajili ya bajeti yake ni jambo moja. Shughuli za Benki Kuu za kuongeza na kupunguza pesa kwenye mabenki ni jingine, ingawa karatasi zinazotumika ni zile zile na chumba kinachoziendesha ni kimoja. Kwako wewe vinakutana mahali pamoja. Mabenki yakiwa na pesa tele, yanajazana mnadani, bei ya dhamana inapanda na riba unayopata inashuka. Wiki hizo hizo meneja wa tawi hana haraka ya amana yako. Pesa zikiwa adimu, vyote viwili vinageuka, na ndipo mazungumzo ya riba benki huzaa matunda. Mfuko wa Ukwasi hufuata baadaye, taratibu, kwa sababu ndani yake kuna mali zilizonunuliwa kwa riba za zamani.

Hapa pia ndipo uamuzi wa siku 91 au 364 unapopata maana. Mwenye kuchukua 364 amefunga riba ya leo. Mwenye kuchukua 91 na kurudia atakutana na riba mpya kila mara, nzuri au mbaya. Riba ya Benki Kuu ikiwa inashushwa, wa 364 huwa na nafuu. Ikipandishwa, ni kinyume chake. Lakini nani amewahi kukosa ada ya mtoto kwa sababu ya robo asilimia? Wanaoikosa ni wale waliofunga pesa ya Januari kwenye karatasi inayoiva Machi.

Vipi kuhusu kuacha mahindi ghalani?

Kwa mkulima, ghala ndilo mshindani wa kweli wa chaguo zote tatu, na kuna miaka linazishinda zote kwa mbali. Lakini bei ya mahindi hutegemea mambo ambayo hakuna mnada unaoyatangaza mapema. Katikati ya 2017 Serikali ilizuia mahindi kusafirishwa nje, na waliokuwa wameyashikilia wakisubiri bei walibaki na magunia. Ushauri wangu ni mtu agawe: gunia za kusubiri bei, na pesa ya mambo yenye tarehe.

Kwa hali yako

Umeuza mpunga Julai na mbolea unaitaka Novemba, una milioni sita. Amana ya miezi mitatu iko ndani ya kinga na haina safari nyingi. Kama akaunti ya CDS unayo tayari, dhamana ya siku 91 inafanya kazi ile ile. Angalia tu tangazo, maana si kila mnada una kila muda.

Una milioni arobaini za mbao za Mafinga, na kiwanja utalipia mwakani mwezi kama huu. Dhamana ya siku 364 kwa sehemu kubwa, na kiasi kidogo Mfuko wa Ukwasi kwa dharura. Ukipeleka zote benki moja, jua kwamba zaidi ya milioni 32 ziko nje ya bima.

Una duka Mwanjelwa na mzigo unaagiza bila ratiba. Mfuko wa Ukwasi, au amana ndogo ndogo zinazoiva kwa kupishana kila mwezi, ili usivunje yote kwa ajili ya kontena moja.

Ni kikundi cha VICOBA au AMCOS yenye pesa ya wanachama. Chagua kile ambacho katibu anaweza kukisoma mbele ya mkutano kwa karatasi: tarehe ya kuweka, tarehe ya kuiva, kiasi kamili. Dhamana na amana zina karatasi hiyo, kwa jina la kikundi. Pesa ya wanachama isiwekwe kwa jina la mwenyekiti, hata akiwa mtu mwema kiasi gani.

Pesa huigusi kwa miaka mitano au zaidi, pengine ni mafao ya kustaafu. Hapo umeshatoka kwenye habari ya muda mfupi. Uliza kuhusu hati fungani za Serikali za miaka mingi: zinaanzia shilingi 1,000,000 na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Wakala ni yule yule, na akaunti ya CDS ni ile ile.